Damu ya Pumwani: Kutoka Wazimamoto hadi Makovu ya Ini

Kati ya vita viwili vya dunia, mkazi wa Pumwani aliyechelewa kurudi nyumbani usiku alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa askari wa kuuliza kipande, yaani cheti cha utambulisho. Ya pili, iliyotetemesha zaidi, ilikuwa wazimamoto. Ilisemekana kuwa watu wa kikosi cha kuzima moto hawakuwa na haja na moto hata kidogo. Kazi yao halisi ilikuwa kuwakamata wapita njia gizani, kuwaficha mahali pasipojulikana na kuwamaliza damu. Mwambao ulikuwa umezijua hadithi za namna hiyo tangu zamani, kwa jina la mumiani. Zilipofika Nairobi zilivaa sare ya serikali.

Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizikuta zingali hai alipohojiana na wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, na mwaka 2000 akazitolea kitabu, Speaking with Vampires. Hakuwacheka waliomsimulia. Alisikia ndani ya hadithi hizo jinsi watu walivyoielewa serikali iliyowapima, ikawachanja, ikawahesabu na kuwahamisha bila kuwaeleza sababu.

Karne moja baadaye damu ya mtaa huohuo imekwisha kutolewa kwa hiari, mirija kwa maelfu, na kupelekwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Winnipeg na Oxford. Imeifundisha dunia mambo kuhusu Ukimwi ambayo hayakuwa yamejulikana popote. Lakini kila kundi la watafiti lilifika na swali lake, likapata jibu lake, likaondoka. Swali la ini liliulizwa mwisho, ingawa jibu lake lilikuwamo katika mirija ileile wakati wote.

Mtaa wenyewe ni mtoto wa amri. Nairobi ilianza na reli mwaka 1899, na Waafrika waliofuata kazi wakajijengea vijiji pembezoni mwa mji: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Wakuu wa mji waliviona vijiji hivyo kuwa uchafu na hatari kwa afya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapima viwanja mashariki ya mji, wakaita Pumwani, na kuanza kuvunja kwingine. Pangani ilishikilia hadi 1939, wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Pumwani mtu alipewa kiwanja akakilipia, nyumba akajenga mwenyewe kwa fito na udongo, akaezeka kwa madebe yaliyofumuliwa. Sehemu hizo za nyumba za watu binafsi ndizo zilizoitwa Majengo. Lugha ilikuwa Kiswahili, dini kwa wengi ilikuwa Uislamu, na mtu wa Bukoba aliweza kupanga chumba kando ya mtu wa Murang'a na mtu wa Lamu.

Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. White, katika kitabu chake cha kwanza, The Comforts of Home cha mwaka 1990, alionyesha jinsi wanawake hao walivyojenga nyumba kwa fedha za kuuza ngono, chai, maji ya kuoga na mahali pa kulala kwa wanaume ambao mji uliwataka kazini lakini haukutaka familia zao. Katikati ya miaka ya 1930 likaja kundi jipya, walioitwa wazi-wazi. Wengi wao walikuwa Wahaya wa Bukoba, upande wa Tanganyika. Walikaa nje ya milango yao, wakataja bei hadharani na kupeleka faida nyumbani kwa wazazi. Njia hiyo ya Bukoba na Pumwani haikufa. Watafiti walipofika Majengo nusu karne baadaye, wanawake wengi waliowakuta walikuwa wametoka Kagera, mkoa wenye Bukoba.

Mwaka 1926 ukafunguliwa upande wa pili wa maisha ya mtaa: nyumba ya uzazi iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana Edward Grigg. Ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mahali ambapo Wanairobi wasiohesabika wamepatia pumzi ya kwanza. Hapo ndipo sindano ya kutoa damu ilipozoeleka kwa mwanamke wa kawaida wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mama mjamzito alijifunza kuunyoosha mkono.

Na kulikuwa na pombe. Manispaa ilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe kihalali, ikafungua kilabu Pumwani katika miaka ya 1920, huku wapishi wa majumbani wakisakwa na polisi. Ni sehemu ya hadithi ya ini kwa sababu moja: kwa miaka mingi mtu wa Eastlands aliyevimba tumbo kwa maji na kugeuka macho manjano aliulizwa kwanza amekunywa kiasi gani. Wengine walisema amerogwa. Virusi havikutajwa, kwa kuwa havikujulikana.

Vilijulikana kwa bahati tu. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg wa Marekani alikuwa akikusanya damu kutoka pembe nyingi za dunia ili alinganishe protini zake, na mwaka 1965 akatangaza protini ngeni aliyoiona katika damu ya Mwaustralia wa asili. Baadaye ikabainika kuwa ni gamba la virusi vya homa ya ini aina ya B. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kenya haikukaa nyuma kwa muda mrefu: mwaka 1975 A. F. Bagshawe na wenzake, akiwemo David Dane wa London, mtu ambaye chembe kamili ya virusi hivyo inaitwa kwa jina lake, walichapisha utafiti uliofanyika Kenya kuhusu protini hiyo na saratani ya ini. Kwa hiyo tangu wakati huo wataalamu wa Nairobi walijua kwamba ugonjwa wa ini katika nchi hii una mizizi katika damu, na kwamba chupa haiwezi kubeba lawama yote.

Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ilifanya jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha. Ikishirikiana na Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA, ilitengeneza kipimo chake cha homa ya ini B, kilichoitwa Hepcell. Hakikuhitaji mashine ya bei mbaya. Chembe nyekundu za damu zilizopakwa kingamwili zilitiwa pamoja na tone la majimaji ya damu ya mtu katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Kama virusi havimo, chembe zilizama na kutulia chini zikawa kitone kimoja chekundu. Kama vimo, zilishikana na kutanda kama utando. Fundi wa maabara aliangalia kwa macho yake tu. Kipimo hicho kilitumika kuchuja damu ya kuongezewa wagonjwa, kazi iliyopata uzito mpya baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, Wanairobi walipojitokeza kwa wingi kutoa damu na udhaifu wa mpango mzima wa damu nchini ukaonekana na kila mtu.

Lakini kujua kwamba mtu ana virusi ni jambo moja. Kujua vimemfanyia nini ni jambo jingine. Wengi wenye homa ya ini B huishi nayo miaka mingi bila kudhurika sana. Kwa wengine, ini hupigana na virusi kimyakimya, na kila palipojeruhiwa pakaota kovu. Makovu yakizidi, ini huwa gumu, damu kutoka tumboni hushindwa kupita, na mgonjwa hufika katika hatua ya sirosisi, pengine na saratani. Daktari anayetaka kujua nani aanzishiwe dawa leo na nani asubiri lazima ayaone makovu hayo. Tangu Giorgio Menghini wa Italia alipoeleza sindano yake ya haraka mwaka 1958, njia iliyoaminiwa ilikuwa kuchoma ubavu na kunyofoa kipande chembamba cha ini, kiasi cha sehemu moja ya elfu hamsini ya kiungo chote, kisha kumpa mtaalamu wa darubini. Hatari ya kuvuja damu ipo, maumivu yapo, na wataalamu wenyewe ni haba. Kwa mama wa Majengo anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, njia hiyo ilikuwa kama haipo.

Wakati huohuo, mita chache kutoka kwake, damu ilikuwa ikitolewa kwa jambo jingine.

Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada ulianza mwaka 1980. Herbert Nsanze wa Nairobi alimwalika Allan Ronald wa Winnipeg ili wachunguze vidonda vya zinaa. Mwaka uliofuata akaja daktari kijana, Frank Plummer. Swali lao lilikuwa bakteria, na walilifuata hadi chanzo: kliniki ndogo katikati ya Pumwani ikawa kituo cha wanawake wa Majengo waliouza ngono. Mwaka 1985 waliwapima virusi vipya vilivyokuwa vikizungumzwa Marekani na Ulaya. Majibu yalichapishwa mwaka 1986 na Joan Kreiss na wenzake: katika wanawake 64 wa kipato cha chini wanaouza ngono Nairobi, asilimia 66 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kwa wale 26 wa kipato cha juu ilikuwa asilimia 31.

Kama wanawake hao wangeachiwa kundi la wageni wenye sindano, hadithi za wazimamoto zingekuwa na haki ya kurudi. Hazikurudi, na aliyezizuia ni muuguzi. Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, aliitisha mabaraza. Wanawake walichagua viongozi wao wenyewe, wakaelezwa kinachotafutwa katika damu yao, wakauliza, wakabishana, wakaamua. Mwaka 1988 alichapisha na wenzake matokeo yaliyoonyesha kuwa elimu na kondomu vilipunguza maambukizi katika kundi hilo. Kati ya yote yaliyofanyika Majengo, hili ndilo linalostahili kutajwa kwanza, kabla ya chembe yoyote iliyowahi kuonekana chini ya darubini. Mwanamke aliyekuja mara mbili kwa mwaka kupimwa, akaondoka na dawa ya zinaa na kondomu, alikuwa mshirika mwenye sauti.

Kisha ukatokea mwujiza wa Majengo. Kati ya wanawake 424 waliojiunga kati ya 1985 na 1994 wakiwa hawana virusi, 239 waliambukizwa. Wachache, licha ya kukutana na hatari kila siku kwa miaka, hawakuambukizwa kamwe. Keith Fowke na wenzake waliandika habari zao mwaka 1996. Damu yao ikapelekwa Oxford, ambako ilionekana kuwa na chembe za kinga zilizozoea kuvitambua virusi. Kutokana na hayo ikabuniwa chanjo iliyojaribiwa Nairobi kuanzia 2001, baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kupigania nafasi yake katika hati miliki ambayo awali kiliachwa nje. Chanjo hiyo haikufaulu, lakini jina la Pumwani lilikwisha kuingia katika vitabu vya elimu ya kinga duniani kote.

Plummer mwenyewe alikaa Kenya miaka 17. Baadaye aliongoza maabara ya taifa ya Kanada mjini Winnipeg. Alikuja kueleza hadharani kwamba uzito wa kazi, kuanzia siku zile za Nairobi, ulimsukuma kwenye pombe hadi ini lake likaharibika. Alipandikizwa ini jingine mwaka 2014. Kiu haikuisha, na mwishoni mwa 2018 alikubali kuwekewa nyaya za umeme ndani ya ubongo kwa majaribio ya tiba ya ulevi, kisha akalizungumzia waziwazi ili wengine wasione haya. Alifariki Nairobi Februari 2020, alikokuwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano aliousaidia kuujenga. Mtu aliyeijua damu ya Majengo kuliko karibu mtu yeyote alimalizwa nguvu na kiungo ambacho utafiti wake haukuwahi kukiweka mbele.

Haikuwa uzembe. Mtu anayezima nyumba inayowaka hatazami nyufa za ukuta wa jirani. Katika miaka ya 1990 wanawake wa Majengo walikuwa wakifa kwa Ukimwi, na kuwauliza habari za ini lililochukua miaka 20 au 30 kuharibika kungekuwa anasa. Swali lilianza kuwa la lazima pale watu walipoacha kufa. Fedha za mpango wa PEPFAR wa Marekani, uliotangazwa 2003, zilileta dawa za kupunguza makali, na mtu aliyepangiwa mwaka mmoja akapata thelathini.

Dawa hizo zilikuja na zawadi ambayo wengi hawakuijua. Lamivudini, iliyokuwamo katika mchanganyiko wa kwanza kabisa, huvizuia pia virusi vya homa ya ini B, ingawa virusi hujifunza kuishinda ikitumika peke yake. Tenofovir, iliyochukua nafasi kubwa kuanzia miaka ya 2010, huvizuia kwa uthabiti zaidi. Tafiti za Nairobi za miaka hiyo zilikuta kiasi cha watu sita katika kila mia wenye virusi vya Ukimwi wana homa ya ini B pia. Hao walitibiwa magonjwa mawili kwa kidonge kimoja, pengine bila kuambiwa. Jirani yao mwenye homa ya ini B peke yake, asiye na Ukimwi, hakuwa na mpango wa kumpokea. Kidonge kilekile kilichotolewa bure dirisha hili, yeye mara nyingi alilazimika kukinunua.

Hapo ndipo vipimo vya damu vya makovu vinapoingia, na historia yake inaanzia mbali na ini. Mwaka 1954 madaktari wa New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen, waliripoti kwamba kimeng'enya kimoja, ambacho leo huitwa AST, hupanda katika damu ya mtu aliyepata shambulio la moyo. Muda si muda ikaonekana kuwa hupanda pia ini likiumia, pamoja na ndugu yake ALT. Vyote viwili hukaa ndani ya chembe; chembe ikipasuka, humwagika nje. Lakini vinaeleza jeraha la leo tu. Kovu la jana havilioni.

Kovu lilionekana kwa kupitia mlango wa nyuma, kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Ini likiwa gumu, damu hurudi nyuma na kulijaza bandama. Bandama likivimba hunasa chembe sahani na kuziharibu. Tena ini lenyewe ndilo linalotoa kichocheo cha kuzitengeneza, na likichoka kichocheo hupungua. Basi AST ikipanda huku chembe sahani zikishuka, kuna jambo. Mwaka 2003 Chun-Tao Wai na wenzake wa Michigan waliuweka ukweli huo katika hesabu ya mstari mmoja na kuiita APRI. Gawanya AST ya mgonjwa kwa kiwango cha juu cha kawaida, zidisha kwa mia, gawanya kwa idadi ya chembe sahani. Miaka mitatu baadaye Richard Sterling na wenzake wakatoa FIB-4, inayoongeza umri na ALT. Walioizaa hesabu hiyo ya pili walikuwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi na homa ya ini C kwa pamoja, watu ambao hali yao ingeeleweka mara moja katika kliniki ya Majengo. Wafaransa walikuwa wamewatangulia wote mwaka 2001 kwa kipimo cha viashiria vitano vya damu, FibroTest, kizuri lakini cha kulipia na chenye mahitaji ambayo maabara ya mtaani haina.

APRI na FIB-4 hazina mwenyewe wa kulipwa. Mrija wenye kifuniko cha zambarau hutoa hesabu ya chembe. Mrija wa kifuniko chekundu hutoa vimeng'enya. Kliniki za Ukimwi za Nairobi zilikwisha kuvijua vyote viwili, maana dawa ya nevirapini iliweza kudhuru ini na zidovudini kupunguza damu, hivyo wagonjwa walifuatiliwa. Ila katika kubana matumizi, ALT ndiyo iliyoombwa na AST ikaachwa. Kwa kukosa tarakimu moja, hesabu haikamiliki. Ukikaa na jambo hili kwa muda, linauma: miaka ya damu, miaka ya mafaili, na pengo dogo namna hiyo katikati.

Kulikuwa na tatizo lingine, kubwa zaidi, nalo halikuwa la Pumwani. Viwango vya hesabu hizi vilipatikana kwa wagonjwa wa homa ya ini C wa Marekani, wengi wao watu wazima wa makamo. Mgonjwa wa Afrika Mashariki kwa kawaida ana aina B, aliipata utotoni, na makovu humkuta akiwa na miaka 30 na kitu, umri ambao FIB-4 humshushia alama kwa sababu tu ni kijana. Chembe sahani zake zinaweza kuwa chini kwa malaria aliyotoka nayo likizoni Kisumu, kwa kichocho cha Mwea kilichovimbisha bandama, au kwa Ukimwi wenyewe. AST yake inaweza kupanda kwa pombe ya juzi, au kwa kubeba mizigo Gikomba, kwa kuwa kimeng'enya hicho kimo hata ndani ya misuli. Daktari anayesoma tarakimu bila kumuuliza mtu anafanya kazi gani na ametoka wapi atadanganyika.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa homa ya ini B mwaka 2015, lilisema APRI ikizidi 2 mtu mzima ahesabiwe kuwa na sirosisi na atibiwe. Jibu lilitoka karibu na nyumbani. Katika Hospitali ya St. Paul's jijini Addis Ababa ulikuwa umeanza mwaka huohuo mpango wa kutibu homa ya ini B, ukiendeshwa na Waethiopia na Wanorwe. Wagonjwa wao walipimwa pia kwa mashine ya mawimbi inayopima ugumu wa ini kupitia ngozi. Mwaka 2019 Hanna Aberra, Hailemichael Desalegn na wenzao wakaandika bila kupepesa: mwongozo wa WHO uliwakosa nusu ya Waethiopia waliohitaji dawa. Gambia nako watafiti walikuwa wamependekeza mwaka 2016 hesabu nyingine inayotumia kimeng'enya cha GGT. Hatimaye madaktari wa nchi mbalimbali wakaunganisha mafaili yao katika mtandao wa HEPSANET, na mwaka 2023 wakachapisha takwimu za wagonjwa 3,548 kutoka nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Mwafrika, walisema, mpaka wa APRI wa kushuku sirosisi uwe 0.65.

Machi 2024 WHO ikabadilisha mwongozo. Sasa APRI ikizidi 0.5 inatosha kusema makovu ni makubwa na dawa ianze. Ikizidi 1, ni sirosisi.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 34, mwenye homa ya ini B na asiye na Ukimwi. AST yake ni 48, na kiwango cha juu cha maabara ni 40. ALT ni 36. Chembe sahani ni 160, ambazo kwenye karatasi ya majibu hazitapigiwa hata alama ya nyota. Arubaini na nane kwa 40 ni 1.2, mara mia, gawanya kwa 160, unapata 0.75. Kwa kiwango cha 2015 APRI yake isingemshtua mtu. Kwa kiwango cha 2024 ana makovu ya kutibiwa, na kwa mizani ya HEPSANET yafaa aangaliwe kama ana sirosisi. FIB-4 yake ni 1.70, katikati, mahali pasipo na jibu. Damu ni ileile. Kilichohama ni mpaka, na ulihamishwa kwa sababu Waafrika walihesabiwa kwa mara ya kwanza.

Mwanamke wa namna hiyo ana nafasi kubwa ya kugundulika katika kliniki ya waja wazito. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001, ndani ya sindano ya magonjwa matano, ikitolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata, na hao ndio wengi wa akina mama wa leo. WHO imeshauri tangu 2009 kwamba mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza, maana maambukizi ya wakati wa kuzaliwa ndiyo yanayodumu zaidi, na ratiba inayoanza wiki ya sita humfikia mtoto huyo akiwa amechelewa. Mwongozo wa 2024 unaruhusu pia mama apewe tenofovir kuanzia miezi ya kati ya mimba pale ambapo hakuna maabara ya kuhesabu virusi vyake.

Kidonge anachomeza mama wakati wa mimba kinamlinda mtoto. APRI ndiyo inayoamua kama akiendelee nacho baada ya kujifungua. Mwenye 0.75 ataendelea kukimeza kila siku, pengine maisha yake yote. Atapimwa figo, kwa kuwa tenofovir huweza kuzigusa. Kama ni sirosisi, kila baada ya miezi sita atapigwa picha ya ini kwa mawimbi ili saratani ikitokea ionekane ikingali ndogo, na watoto wake wakubwa, wale waliozaliwa kabla hajajijua, wataitwa nao wanyooshe mkono.